Matundu Madogo, Maumivu Je?

Unakwenda kufanyiwa upasuaji wa akina mama kwa njia ya matundu? Wewe na mwenza wako muulizeni daktari kuhusu ganzi kabla hamjauliza kuhusu kovu.

Mwambie mtu kuwa unakwenda kupasuliwa, atashtuka. Mwambie ni ule upasuaji wa matundu madogo, utaona anavyoshusha pumzi. "Aah, kumbe matundu tu! Si kesho yake unatoka?" Ofisini watakuhesabia siku tatu. Shosti wako atauliza kama utawahi harusi ya Jumamosi. Na mama mkwe, kwa nia njema kabisa, atakukumbusha kwamba yeye alipasuliwa kwa kisu cha kweli na baada ya wiki chache alikuwa anatwanga.

Mimi ninayekuandikia nina makovu manne tumboni. Moja limejificha ndani ya kitovu, matatu yako chini yake, kila moja halifiki hata upana wa ukucha wa kidole gumba. Nilitolewa uvimbe kwenye ovari ya kushoto nikiwa na miaka 31, miezi 14 baada ya harusi yetu. Uvimbe ulikuwa na sentimita 7, kama chungwa dogo. Makovu hayo hata nikivaa kanga peke yake inabidi uyatafute. Lakini ngozi iliyopona haisimulii saa 48 za mwanzo zilikuwaje, na hizo ndizo ninazotaka tuziongelee leo, maana wengi wetu tunaziingia bila kuuliza swali hata moja.

Niseme mapema kwamba mimi si daktari. Ninachokueleza nimekipata kwa daktari wangu, kwa mtaalamu wa usingizi aliyenihudumia, na kwa kusoma sana kabla na baada. Mwili wako na historia yako anavijua daktari wako.

SWALI LA MUME WANGU

Siku ya kuonana na daktari wa akina mama kabla ya upasuaji nilikwenda na orodha ndefu. Je, ovari itabaki? Je, nitaweza kupata mtoto? Je, uvimbe ukirudi? Ndugu zangu, ukiwa na mwaka mmoja wa ndoa na shangazi wameshaanza kukutazama tumbo, maswali hayo hayakupi usingizi. Daktari alijibu kila moja kwa utulivu: atajitahidi kutoa uvimbe na kuiacha ovari, na hata ikitokea ovari moja ikatolewa, ya pili ikiwa nzima bado mtu anaweza kushika mimba.

Mume wangu alikuwa kimya muda wote. Tangu majibu ya altrasaundi yatoke alikuwa hivyo, anaendesha gari, analipa, anabeba faili, hasemi kitu. Nilishaanza kumwelewa vibaya. Tulipokuwa tunanyanyuka ndipo akauliza, "Daktari, na maumivu? Atapata maumivu kiasi gani, na mtafanya nini?"

Daktari akaweka kalamu chini, akatuambia tukae tena. Akasema wagonjwa wengi huuliza kuhusu kovu, wengi huuliza kuhusu gharama, lakini wachache wanaouliza hilo. Kisha akatufafanulia mambo ambayo, bila swali lile, nadhani tungeyakuta mbele ya safari tukiwa gizani.

NUSU KAPUTI NA GANZI NI VITU VIWILI

Wengi wetu tunavichanganya. Nusu kaputi ni usingizi mzito: hujui, husikii, hukumbuki. Upasuaji wa matundu tumboni kwa kawaida hufanywa kwa nusu kaputi, na mrija wa kupumulia unaingizwa kooni ukiwa umeshalala. Ndiyo maana ukiamka koo linawasha kama umekula pilipili.

Ganzi ni kitu kingine. Ni dawa inayochomwa sehemu husika tu, ile unayoijua kwa daktari wa meno. Neva hupeleka habari ya maumivu kwa kupitisha chembe za sodiamu kwenye vijilango vidogo vidogo. Ganzi inaviziba vijilango hivyo. Kidonda kipo, habari haifiki kwenye ubongo.

Sasa utauliza, kama nimeshalala fofofo, ganzi ya nini tena? Ni kwa ajili ya kuamka. Usingizi ukikatika, kidonda kinaanza kusema papo hapo. Kikiwa na ganzi kinakaa kimya kwa saa kadhaa.

Saa ngapi? Inategemea dawa. Lidokeini, ile ya meno, hufanya kazi saa moja hadi mbili hivi. Bupivakeini, ambayo ndiyo hutumiwa sana kwenye vidonda vya upasuaji, hukaa kati ya saa 4 na 8. Iko pia ropivakeini, ndugu yake wa karibu. Mimi nilipewa bupivakeini.

Dawa hizi zina historia ya kufurahisha. Mwaka 1884 daktari kijana wa Vienna, Carl Koller, alionyesha kuwa matone ya kokeini yanaweza kulifanya jicho lisisikie kisu. Ndiyo, kokeini hiyo hiyo unayoifikiria! Lakini ilikuwa na hatari zake, ikabidi watu watafute mbadala. Mwaka 1943 huko Sweden, Nils Löfgren akatengeneza lidokeini, na mwenzake Bengt Lundqvist akaijaribu kwenye mwili wake mwenyewe. Mwaka 1957, huko huko Sweden, ikaja bupivakeini. Kwa hiyo dawa iliyonitunza mimi si ya jana wala juzi. Ni kongwe kuliko mama yangu, na hospitali nyingi zinayo.

Na hata upasuaji wenyewe una umri. Mwaka 1910 Hans Christian Jacobaeus wa Stockholm aliandika jinsi alivyochungulia ndani ya tumbo la binadamu kupitia tundu dogo. Madaktari wa akina mama ndio walioubeba baadaye. Unamkumbuka Louise Brown, mtoto wa kwanza duniani aliyetungwa mimba nje ya mwili, aliyezaliwa Uingereza Julai 1978? Yai la mama yake lilichukuliwa na daktari Patrick Steptoe kupitia tundu dogo tumboni.

WANACHOFANYA UKIWA UMELALA

Unapelekwa chumba cha upasuaji na tumbo tupu. Kwa kawaida chakula unakiacha saa 6 kabla, na maji matupu saa 2 kabla, ila fuata utakavyoambiwa. Ukishalala, daktari anatoboa kitovuni na kuingiza hewa ya kabonidayoksaidi. Tumbo linanyanyuka kama puto ili kamera ipate nafasi ya kuona. Shinikizo la hewa hiyo kwa kawaida ni milimita 12 hadi 15 za zebaki. Kisha yanatobolewa matundu mengine mawili au matatu ya milimita 5 hadi 12 kwa ajili ya vifaa vya kukatia na kushikia.

Ganzi inachomwa pale kwenye matundu, pembezoni mwa kidonda, kuanzia chini ya ngozi hadi kwenye tabaka za ndani. Wapo madaktari wanaoichoma kabla ya kutoboa, wapo wanaosubiri hadi wakati wa kushona. Wengine pia humwagia ganzi ndani ya tumbo kabla ya kutoa kamera.

Kipimo si cha kukisia. Mtaalamu wa usingizi alinipima uzito asubuhi ile, kilo 64, akaniambia sababu. Bupivakeini ina kikomo, kwa kawaida miligramu 2 hadi 2.5 kwa kila kilo ya uzito kwa mara moja. Kwangu hesabu ya chini ilikuwa miligramu 128. Nilichomwa mililita 20 za dawa ya asilimia 0.25, mililita 5 kwa kila tundu, jumla miligramu 50. Mbali kabisa na kikomo. Ganzi ikizidi kwenye damu inaweza kuleta ganzi mdomoni, ladha ya chuma, mlio masikioni, hata degedege na moyo kwenda mrama. Hutokea kwa nadra sana, na ipo tiba yake, dripu maalumu ya mafuta. Ndiyo maana ukiulizwa uzito usipunguze kilo kwa aibu, dada yangu. Na kama una ugonjwa wa moyo au ini, au uliwahi kudhurika na sindano ya ganzi kwa daktari wa meno, sema.

GANZI INAFIKA WAPI?

Hapa ndipo wengi wanapokosea matumaini. Maumivu baada ya upasuaji wa matundu yanatoka sehemu tatu.

Ya kwanza ni ya vidonda vyenyewe, makali na ya kuchoma, hasa ukikohoa au ukicheka. Haya ndiyo ganzi ya kwenye matundu inayashughulikia.

Ya pili ni ya ndani, pale palipokatwa. Ni mazito na ya kuvuta, yanafanana na yale ya siku zako za mwezi. Ganzi iliyochomwa juu kwenye ngozi haiyafikii. Ile ya kumwagia ndani ya tumbo imefanyiwa tafiti nyingi: baadhi zimeonyesha nafuu katika saa kama 6 za mwanzo, nyingine hazikuona tofauti ya maana.

Ya tatu ni ya bega. Ndiyo, bega! Nitalirudia.

Ukijumlisha tafiti zote, ukweli ni kwamba ganzi kwenye matundu hupunguza maumivu ya saa za mwanzo kwa kiasi, na baada ya hapo aliyechomwa na asiyechomwa wanakaribiana. Mtu anaweza kusema basi haina maana. Mtaalamu wangu wa usingizi alinipa jibu ambalo sijalisahau: "Dada, ganzi inakupa muda. Kazi yako ni kuutumia muda huo vizuri."

MUDA WA MKOPO

Niliingizwa ndani saa 2 na nusu asubuhi, nikatoka kwenye saa 4. Nikiwa bado nimelala nilishawekewa dripu ya paracetamol. Saa 6 mchana nilikuwa nimeketi kitandani nakunywa uji, nashangaa. Yaani sikuwa nasikia chochote kwenye vidonda! Nilivigusa juu ya plasta, nikahisi ni kama tumbo la mtu mwingine.

Kitanda cha jirani alikuwepo dada mmoja wa rika langu, aliyepasuliwa muda mfupi kabla yangu kwa tatizo linalofanana na langu. Naye alikuwa amechomwa ganzi. Tulipiga stori kama tuko saluni. Saa 10 jioni nesi akapita na vidonge. Mimi nilishaambiwa: kumeza kwa saa, siyo kwa maumivu. Nikameza. Yule mwenzangu akasema, "Siumwi kabisa, nesi. Wape wanaoumwa." Nesi akamsihi mara mbili, akakataa kwa tabasamu. Kwao, aliniambia baadaye, mwanamke anayemeza vidonge bila kuumwa anaonekana anadeka, na yeye hakuwa ameambiwa na mtu yeyote kwamba ganzi ina saa yake.

Ganzi yangu ilianza kuondoka kama saa 11 jioni. Nilijua kwa sababu kitovu kilianza kuwasha, kisha kuuma, lakini kwa adabu. Vidonge vilikuwa vimeshaingia kazini. Kwenye kipimo cha 0 hadi 10 ambacho manesi wanakitumia, nilikuwa 3.

Saa 2 usiku mwenzangu alikuwa ameuma ncha ya kanga, machozi yanamtoka, hasemi. Hakuita mtu. Ni mume wangu, aliyekuwa ameniletea supu, ndiye aliyemwona na kwenda kumwita nesi. Alipoulizwa kipimo akasema 9. Ikabidi achomwe sindano ya dawa kali zaidi, ikamletea kichefuchefu na usingizi, na ikachukua muda kabla hajatulia. Asubuhi, mimi nilipokuwa najikongoja kwenda kuoga, yeye bado alikuwa amelala anaogopa kugeuka.

Hatukutofautiana kwa ushujaa. Kama ni ushujaa, yeye alinizidi mbali. Tulitofautiana kwa taarifa: mimi nilijua ganzi itaisha jioni, na vidonge vilitakiwa kuwa vimeshatangulia. Maumivu yaliyokwisha kupanda yanahitaji dawa nyingi zaidi kuyashusha kuliko yanayozuiwa mapema, hilo kila nesi wa wodi ile alilijua.

Utaratibu wangu ulikuwa wa kawaida sana. Paracetamol gramu 1 kila baada ya saa 6, isizidi gramu 4 kwa siku: saa 10 jioni, saa 4 usiku, saa 10 alfajiri, saa 4 asubuhi. Juu yake ibuprofen miligramu 400 mara tatu kwa siku pamoja na chakula. Dawa hizi mbili hufanya kazi kwa njia tofauti, ndiyo maana zinapewa pamoja. Ila ibuprofen na diclofenac si za kila mtu. Ukiwa na vidonda vya tumbo, matatizo ya figo, au pumu inayochochewa na dawa za jamii hiyo, mwambie daktari kabla. Na ukishameza paracetamol usiongeze Panadol ya dukani ukadhani ni kitu kingine. Ni ile ile!

BEGA LINAHUSIKA VIPI?

Usiku wa pili, nikiwa nyumbani, niliamka kwenda chooni. Nikanyanyuka, nikapiga hatua tatu, mara bega la kulia likachomwa kama msumari. Kwa mtu asiyejua, hapo ndipo unaposema moyo, unaposema nimekufa, unapoamsha majirani.

Kumbe ni ile hewa. Hata baada ya kuitoa, kiasi fulani hubaki tumboni, na ukisimama inapanda juu hadi kwenye kiwambo, ule msuli unaotenganisha kifua na tumbo. Kiwambo kikiwashwa, neva yake inapiga kelele. Neva hiyo inatoka shingoni, eneo lile lile zinakotoka neva za ngozi ya bega. Ubongo unapokea habari kutoka njia moja, unachanganya anwani. Unadhani bega ndilo linaloumia.

Ganzi ya kwenye matundu haiwezi kulisaidia bega. Kinachosaidia zaidi hufanywa mwishoni mwa upasuaji: mgonjwa analazwa kichwa kikiwa chini kidogo, mtaalamu wa usingizi anajaza mapafu kwa pumzi ndefu chache, hewa inasukumwa nje kupitia matundu kabla hayajafungwa. Nyumbani, nafuu niliipata kwa kulala chali bila mito mingi, na mchana kwa kutembea taratibu sebuleni. Kwa wengi bega hutulia ndani ya siku mbili au tatu. Langu lilitulia siku ya tatu.

Usiku ule sikumwamsha jirani yeyote. Mume wangu alikaa kitandani, akawasha taa, akaisoma karatasi tuliyoandikiwa, akasema kwa sauti ya kutangaza mpira, "Bega. Hewa. Lala chali." Nilitaka kucheka nikakumbuka vidonda. Kucheka siku ya pili kunauma, wenzangu!

KWA WANAUME MNAOSOMA HAPA

Kaka zangu, najua mnapenda kuwa na kitu cha kufanya. Kaa pembeni ya kitanda umeshika mikono halafu unajiona huna msaada, si ndiyo? Basi hizi hapa kazi zenu.

Kwanza, nendeni naye kwa daktari, na mkae ndani. Mgonjwa mwenyewe ana hofu, nusu ya maneno hayasikii. Wewe sikia, andika.

Pili, uwe mtunza saa. Tega kengele ya simu kwa kila dozi, hasa ile ya saa 10 alfajiri. Ndiyo inayorukwa sana, kwa sababu mgonjwa amelala na unamwonea huruma. Akiirukia, asubuhi atakulilia. Endeleeni kumeza kwa saa siku mbili tatu za mwanzo au mtakavyoambiwa, kisha punguzeni taratibu.

Tatu, muulize kwa namba. Mwanamke aliyelelewa kuvumilia ukimuuliza "Vipi, mzima?" atasema "Mzima". Muulize, "Kati ya 0 na 10, uko ngapi?" Namba haimlazimishi kulalamika. Mume wangu alinifundisha kuitumia, na mpaka leo tunaitumia kwa mambo mengine pia, hata nikitoka kazini nimechoka.

Nne, uwe geti. Wageni wanakuja na matunda na maneno mazuri, lakini kila mgeni ni mtu wa kusimamishiwa, kupigiwa stori, kuchekeshwa. Wapokee mlangoni, waambie amelala. Mama mkwe wangu alipokuja siku ya tatu na kunikuta sofani, mwanawe ndiye aliyemweleza kwamba ndani kumekatwa hata kama nje hakuonekani. Mama akaniangalia, akaingia jikoni mwenyewe. Alinipikia mtori kwa siku nne, na akaniambia jambo ambalo hakuwahi kulisema: kwamba yeye alipopasuliwa alilia usiku kucha akiwa amejifunika shuka ili wifi zake wasimsikie. Miaka yote tulidhani hakuumwa.

Na tano, najua mnaliwaza: tendo la ndoa. Muulizeni daktari kabla ya kutoka hospitali, msione haya, ameshaulizwa mara elfu. Kwa upasuaji mdogo kama wangu tuliambiwa tusubiri vidonda vipone na nisiwe na maumivu, kama wiki mbili. Aliyetolewa kizazi anasubiri muda mrefu zaidi, kwa kawaida wiki 6 au zaidi. Hapo katikati kuna kushikana mikono, na hakuna aliyewahi kufa kwa hilo.

MASWALI 7 YA KUMUULIZA DAKTARI

Kata ukurasa huu, uende nao.

1. Je, nitachomwa ganzi kwenye matundu? Ni dawa gani, na itaisha saa ngapi?

2. Je, mtanipa dawa gani za maumivu kabla ganzi haijaisha?

3. Nikiwa na vidonda vya tumbo, pumu, au tatizo la figo, ini au moyo, mpango utabadilikaje?

4. Mtaitoaje hewa mwishoni ili bega lisiniume sana?

5. Dawa za kawaida zikishindwa usiku, nani atanipa kali zaidi, na nimwiteje?

6. Ikibidi mfungue tumbo kawaida badala ya matundu, mpango wa maumivu utakuwa upi? Hutokea mara chache, lakini hutokea.

7. Nyumbani nimeze nini, saa ngapi, kwa siku ngapi? Tafadhali niandikieni kwenye karatasi.

USISUBIRI ASUBUHI

Kujua maumivu ya kawaida kunakusaidia kuyatambua yasiyo ya kawaida. Kila siku inayopita unatakiwa ujisikie afadhali kidogo kuliko jana. Ukiona maumivu ya tumbo yanapanda badala ya kushuka, rudi hospitali. Hali kadhalika ukipata homa ya nyuzi 38 au zaidi, kutapika kusikoisha, tumbo kujaa na kuwa gumu, kushindwa kukojoa, kidonda kutoa usaha, au kutokwa damu nyingi ukeni.

Bega linalouma pamoja na kizunguzungu, jasho baridi, weupe wa midomo au kuzimia si hewa tena. Inaweza kuwa damu inavuja ndani. Kifua kubana, pumzi kukata, au mguu mmoja kuvimba na kuuma kwenye kigimbi inaweza kuwa damu iliyoganda. Hapo usimeze kidonge ukalala, na usisubiri mume arudi kazini. Piga simu, ita teksi, nenda.

Mimi nilirudi kazini siku ya 12. Ovari yangu ilibaki, na majibu ya maabara yalionyesha uvimbe haukuwa na ubaya wowote. Habari za mtoto bado tunaziandika, msituharakishe.

Yule dada wa kitanda cha jirani tulibadilishana namba. Juzi alinipigia. Mdogo wake amepangiwa upasuaji wa matundu mwezi ujao na anataka kujua aulize nini. Nikamsomea yale maswali saba kwa simu, naye akawa anaandika. Alipofika la kwanza akanisimamisha. "Hilo la ganzi itaisha saa ngapi," akasema, "liandike kwa herufi kubwa."

Nimeliandika. GANZI ITAISHA SAA NGAPI?